Mfarishi Ndani ya Ngoma

Kila kiangazi huja watu shamba la Blaen-nant, mabondeni kwa Wawelisi, kupiga picha ngazi. Ni ngazi za mawe tu, zimelika katikati kwa nyayo za wakulima waliokufa zamani, lakini watu hao husimama chini yake, hupiga kofi moja, husikiliza mwangwi, kisha hufumba macho kama wametoka kwenye Meza ya Bwana. Hapo ndipo zilipowekwa ngoma za bendi ya Bunge la Kunguru mwaka ule walipotengeneza Chumvi na Radi, albamu ya roki ambayo mpaka leo wazee wenye vipara huikumbatia kama mtoto mchanga. Huulizana maiki ilisimama wapi, gitaa lilikuwa la aina gani, mwimbaji alikuwa akinywa nini. Jikoni alikuwapo nani, hakuna anayeuliza.

Jikoni alikuwapo Menna Beynon.

Alizaliwa bonde la pili kutoka hapo, katika nyumba ambayo mvua ilikijua kila chumba chake. Mama yake, Sarah Ann, alikuwa mshona mifarishi wa kuzunguka, yale matandiko mazito ya vitambaa viwili na sufu katikati. Alihama shamba hadi shamba na fremu yake ya mbao, akalala na kula kwa wenye nyumba mpaka mfarishi wao uishe, halafu akaenda kwa wengine. Macho yake yalipoanza kumtupa, alimtoa Menna shuleni awe anamtungia uzi. Basi Menna alijua kusoma Biblia, na alijua kusoma uso wa mtu, na hivyo viwili vilimtosha mpaka alipoolewa na Elwyn Beynon. Hapo cha pili kilimponyoka. Elwyn alikuwa na sauti nene, tamu, ya kuimbia kanisani. Ukimtoa kanisani, hukuona faida yake nyingine.

Mwingereza mmoja aliponunua Blaen-nant, aligeuza ghala la nyasi kuwa studio ya kurekodi na nyumba kubwa akaifanya malazi ya wanamuziki. Elwyn alibakizwa kuangalia kondoo. Menna alipewa jiko. Wao wenyewe waliishi kijumba cha nyuma, chenye unyevu wa kuotesha uyoga, na kwa sababu hiyo kasha la Menna lilikaa nyumba kubwa, juu ya ngazi, mahali pakavu. Ndani ya kasha mlikuwa na kitu kimoja tu cha maana.

Ulikuwa mfarishi wa mwisho alioushona Sarah Ann. Flana nyekundu upande mmoja, pamba ya maua upande wa pili, na katikati sufu ya kondoo wa bonde lao wenyewe. Wanawake wa kule walikuwa na mapambo yao ya mshono, kila mmoja na lake, na ukiona jani au moyo umeshonwa namna fulani ulijua ni mkono wa nani. La Sarah Ann lilikuwa konokono mkubwa katikati, anajizungusha, anajizungusha, mpaka anaishia kwenye tundu la sindano. Aliushona kwa kupapasa, macho yamekwisha, kwa ajili ya Delyth, binti wa Menna, aliyekuwa bado anatambaa chini ya fremu. Kisha akafa. Desturi ni kwamba mama wa bibi harusi hutandika mfarishi huo kwa mikono yake, siku ya harusi, na kabla ya hapo haulaliwi na mtu. Menna alikuwa ameutunza tangu Delyth anatambaa, na sasa Delyth alikuwa anaolewa na kijana aitwaye Meurig, mwezi wa saba, Jumamosi ya mwisho.

Mwezi wa sita wakaja Bunge la Kunguru.

Walikuja na magari mawili na nywele nyingi. Waliamka mchana, wakala kifungua kinywa wakati watu wenye akili wanakunywa chai ya alasiri, wakasema mchuzi wa kondoo una kondoo mno. Roland, mwimbaji, alikuwa mwembamba kama mwiko na alitaka asali kila saa, kwa ajili ya koo ambalo hakulitumia. Clive, mpiga ngoma, alikuwa jitu jekundu lililotoka damu kwa kupiga, likajisifu kwa damu hiyo. Juu yao alikuwapo prodyuza wao, Julian, aliyevaa suruali nyeupe shamba la kondoo. Menna alizifua suruali hizo. Alijua kuliko daktari yeyote jinsi Julian alivyokuwa.

"Bi Beynon, wewe ni malaika," Julian humwambia, huku akiacha kikombe juu ya Biblia yake.

"Malaika hawafui, bwana Julian."

Wiki ya kwanza yote waliimaliza wakitafuta mlio wa ngoma. Wala hawakupiga wimbo. Clive alikaa chini ya ngazi za nyumba kubwa na kukanyaga ngoma kubwa ya mguu, du, du, du, na Julian yuko ghalani na nyaya zake anasikiliza. Kisha anatoka mbio uani akiwa ameshika kichwa. Inavuma mno. Inalia kama pipa. Wakavua ngozi ya mbele, wakatia mito. Ikawa kama mtu anakohoa. Wakatia magazeti, mapazia, koti la mtu. Menna aliwapitia na beseni la viazi akawaona watu wazima watano wamezunguka ngoma wakiiangalia ndani kama ng'ombe anayezaa.

Halafu siku moja du hilo likabadilika. Menna alilisikia jikoni kupitia nyayo zake. Lilikuwa zito, fupi, lenye joto, kama mlango mkubwa wa kanisa unapofungwa polepole na watu wako ndani. Nje akasikia Julian anapiga kelele kwa furaha, na Clive anabusu watu. Elwyn naye akasikika humo humo, anacheka kuliko wote.

Menna akawapelekea chai. Alipoinama kuweka sinia karibu na ngoma, ndani ya tumbo la ngoma hiyo akaona kitu chekundu.

Aliinama zaidi. Flana ya mama yake ilikuwa imekunjwa na kusokotwa, imebandikwa kwenye mbao kwa utepe mweusi, na katikati, pale konokono alipoanzia, walikuwa wametoboa tundu kwa mkasi ili kupitisha maiki.

"Huo umetoka wapi?" akauliza.

"Uchawi, siyo?" Clive akasema, meno yote nje. "Mzee wako ndiye aliyetuokoa. Mwenzetu kabisa, Elwyn."

"Utoeni."

Julian alikuwa ameshaingia mlangoni, akamshika bega kama anavyoshikwa mgonjwa. "Bi Beynon, mpenzi, nisikilize. Kitambaa hicho kikisogea upana wa kidole, tumekwisha. Nimekitafuta kitu hicho miaka yangu yote. Nitakununulia kingine London. Nitakununulia kumi."

"Mama yangu naye utamnunua duka gani?"

Julian alicheka. Alidhani ni utani.

Elwyn alimkuta nyuma ya kijumba, anakaba shingo ya kuku. Alikuwa amevaa kizibao cha mahameli alichoazimwa na Roland, hakimfungi tumboni, na ushanga shingoni. Mtu mwenye binti anayeolewa.

"Sikia, Menna, usifanye makubwa. Walikuwa wanahangaika. Nikakumbuka lile kasha."

"Ulijua ni wa Delyth."

"Si blanketi tu? La zamani."

"Hata mimi ni wa zamani. Ungenitia mimi humo."

"Usingetosha," Elwyn akasema, akacheka peke yake. Kisha akashusha sauti. "Wale jamaa ni wakubwa, Menna. Wananiita kwa jina. Juzi Clive kaniuliza nasikiaje mlio, mimi! Usiniharibie."

Menna akamsokota kuku mpaka shingo ikakatika, akamtupia Elwyn kifuani, damu juu ya mahameli. "Mwambie Clive akuulize na mlio wa huyu."

Siku ile ile Julian alikula kiapo, mkono juu ya moyo, kwamba nyimbo za ngoma zitakwisha Alhamisi kabla ya harusi, na mfarishi atautoa yeye mwenyewe, atautuma kwa fundi, utarudi kama mpya. Menna alimtazama machoni akaona hata siku za wiki hazijui. Lakini alisubiri. Wanawake wa kule wamefundishwa kusubiri, na hakuna aliyewahi kuwaambia walichokuwa wakikisubiri.

Upande wa kwanza wa santuri ukatengenezwa. Ukweli ni ukweli, ngoma ilikuwa inapiga kama moyo wa dunia. Kisha Roland akanuna. Alisema bonde halizungumzi naye. Akapanda mlimani akakaa kwenye jiwe na daftari tupu, amejifunika shuka, kondoo wamemzunguka wanamshangaa. Elwyn alimpelekea asali. Wengine, kwa kuwa hakuna maneno, wakacheza karata. Wiki ikapita hivyo, na nyingine, na mfarishi umo tumboni mwa ngoma unapigwa teke kila Clive anapojisikia.

"Leo amesema neno moja," Julian alimwambia Menna kwa heshima kubwa, kama anayetoa habari za mfalme.

"Neno gani?"

"Chumvi."

"Ipo mezani," Menna akasema.

Alhamisi ilipofika Delyth alishuka kwenye basi kutoka Swansea, sketi fupi, amebeba boksi la gauni. Menna alimsubiri kituoni na maneno yamemjaa kinywa. Njia nzima alimweleza, kasha, baba yake, mkasi, tundu. Alimweleza bila kulia. Alitegemea binti atasimama katikati ya barabara, ashike kiuno, aseme twende.

Delyth alisimama kweli katikati ya barabara.

"Mama! Mfarishi wa Bibi uko ndani ya ngoma ya Clive Ottershaw?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Na utasikika kwenye santuri?" Akaruka juu kama mbuzi. "Mama, wacha ubaki! Wasichana ofisini watakufa! Baba kanipigia simu, anasema watakuja harusini, wataimba ukumbini. Mama, Bunge la Kunguru kwenye harusi yangu!"

"Na wewe utalalia nini?"

"Meurig kaleta blanketi la umeme kutoka dukani kwake. Unaliwasha tu, linapata moto lenyewe. Siyo lazima watu waendelee kulala chini ya kondoo, mama."

Menna alimbebea boksi la gauni mpaka nyumbani. Mtu akikuibia, una pa kuanzia. Lakini anapokushukuru kwa kuibiwa, hujui hata ukasirike kwa lugha gani.

Ijumaa asubuhi alikaanga mayai ya watu wa shamba, akapanga vyombo, akachukua kisu cha kuchuna kondoo. Kulikuwa kumekucha zamani, na nyumba kubwa nzima inakoroma. Alipita juu ya miguu ya mtu aliyelala sebuleni na chupa. Chini ya ngazi alipiga magoti mbele ya ngoma, akatia mikono yote miwili. Utepe mweusi ulikuwa umeshika kama ngozi. Aliukata kidogo kidogo, akauchomoa mfarishi polepole, na ulipotoka ulikuwa na harufu ya bia, ya moshi, ya jasho la mguu wa Clive. Pale nyundo ya ngoma ilipokuwa ikipigia, flana ilikuwa imelika mpaka sufu inachungulia. Na konokono hakuwa na katikati.

Ilikuwa inanyesha, hapakuwa na namna ya kufua. Aliupangusa kwa maji ya moto na siki, akakaa nao karibu na jiko, akashona. Alikata kiraka kutoka kwenye koti lake mwenyewe la kanisani, jekundu, la pekee alilokuwa nalo, akaliziba lile tundu, akamzungusha konokono upya kwa mshono wa mama yake, ambao alikuwa hajaujaribu tangu ujana.

Mchana Clive aliamka, akakaa, akakanyaga.

Kelele iliyosikika haikuwa ya ngoma, ilikuwa yake mwenyewe. Kisha nyumba nzima ikawa mbio. Wakatia mito. Wakatia mapazia, tena. Wakatia godoro la mtoto. Elwyn akaja na ngozi mbichi ya kondoo mabegani, akaitia mwenyewe kwa fahari, na baada ya muda harufu ikawatoa wote nje. Haikuwa yenyewe, haikukaribia kuwa yenyewe. Julian akaketi ngazini na suruali yake nyeupe akalia, analia kwa sauti, na Menna, aliyemwona kupitia mlango, alifikiri ya kwamba hata mtoto wake Delyth alipougua surua hakulia namna ile.

Wakaja jikoni kwa msafara. Clive alipiga magoti, na alipopiga magoti bado alikuwa mrefu sawa na yeye aliyekaa.

"Bi B, nakuomba. Siku tano tu. Nitakuandika jina kwenye jalada."

"Inua goti, unakanyaga uzi wangu."

"Ile ni sanaa, Bi Beynon!" Julian akasema. "Watu watausikiliza mlio ule sisi tukiwa tumeshakufa!"

"Basi hawana haraka."

Elwyn alijipenyeza katikati yao, uso umemwiva. Alisema kwa Kiwelisi ili wale wasielewe. "Rudisha kile kitu, Menna. Unaniaibisha mbele ya wenzangu."

"Wenzako?" Menna alimjibu kwa Kiingereza, wasikie wote. "Elwyn, wanakuita jina kwa sababu mbwa wao wamemwacha London."

Clive ndiye aliyecheka, hakuweza kujizuia. Kicheko hicho Elwyn hakumsamehe, yaani hakumsamehe Menna. Clive alimsamehe palepale.

Jumamosi Delyth aliolewa kanisani na Meurig muuza vyombo vya umeme, na kina Bunge la Kunguru hawakuonekana. Ukumbini waliimba watu wa kwaya tu, kwa sauti nne kama kawaida, na nani aliyejali? Delyth alijali. Jioni alipoingia chumbani kwake, kule kijumbani, kuvua shela, alikuta mfarishi umetandikwa, konokono katikati, na mama yake amesimama kando ya kitanda akingoja, kama mama wote wa kule walivyongoja.

"Kwa ajili ya hiki," Delyth akasema. "Umenivunjia harusi yangu kwa ajili ya blanketi lenye kiraka." Akafunga sanduku lake. Akaondoka na mumewe na blanketi lao la umeme kwenye boksi, mfarishi akauacha pale pale. Menna hakuukunja. Alifunga mlango.

Kabla ya kondoo kushushwa kutoka mlimani bendi ikaondoka, na Elwyn akaondoka nayo, anaendesha gari la vyombo. Alisema ni mwezi mmoja. Alivaa kizibao, damu ya kuku haijatoka.

Upande wa pili wa Chumvi na Radi hauna ngoma. Hawakuupata mlio tena, wakashindwa kuvumilia mwingine, wakaziacha zile nyimbo na gitaa tu na Roland ananong'ona chumvi. Ilipotoka, waandishi wa magazeti wakalia machozi. Wakasema ni ujasiri. Wakasema bendi imethubutu kuitoa ngoma ili msikilizaji asikie moyo wake mwenyewe. Mpaka leo wapo wanaume wamesoma mpaka juu kabisa, wanafundisha vijana sababu ya ukimya ule, na kila mmoja ana sababu yake, na hakuna aliyewahi kutaja mwanamke aliyekuwa anahitaji blanketi. Kwenye jalada, chini kabisa, wamemshukuru Elwyn Beynon, kwa joto lake. Menna alipoonyeshwa, aliyasoma maneno hayo mara mbili.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata wachimba makaa ya mawe waligoma, na umeme ukawa unakatwa kwa zamu, mtaa kwa mtaa. Kulikuwa na baridi ya kupasua mabomba. Siku moja saa za chai mlango wa kijumba ukagongwa. Alikuwa Delyth, koti halifungi tena mbele, mimba imekua, midomo ya bluu. Meurig alikuwa kwenye gari, hataki kushuka.

Menna akasogea kando. Akamwekea chai na mkate wa zabibu, akakaa ng'ambo ya meza. Delyth alikula vipande vyote.

"Blanketi limekufa," akasema mwishowe. "Hata umeme ukirudi, haliwaki. Meurig anasema ni unyevu."

"Mh."

"Duka zima limejaa vitu vya joto, hakuna hata kimoja kinachofanya kazi." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Santuri ninayo. Baba aliituma. Upande wa pili, mama, ngoma iko wapi? Meurig anasema ni makusudi, ni sanaa."

"Iko juu ya kitanda chako. Ulipoiacha."

Delyth akapanda juu, chumbani kwake. Menna alisikia hatua zake juu ya mbao, halafu kimya kirefu, halafu mbao zikilia tena polepole. Alishuka ameubeba kwa mikono miwili juu ya tumbo, kidevu kimeuzamia, na kidole gumba kinapita juu ya kile kiraka, kinazunguka, kinazunguka.

"Hili koti lako la kanisani."

"Lilikuwa."

"Mama..."

"Nenda, gari linapoza injini. Na mwambie mumeo asiutie nyuma pamoja na matairi."

Delyth alitoka nao begani. Menna alisimama dirishani mpaka akahakikisha umewekwa kiti cha mbele, juu ya mapaja, kisha akarudi mezani kukusanya makombo.